Vanishi Mbichi Siku ya Wakwe

Kuna siku moja ya mwezi wa saba isiyonitoka kichwani, mwanangu. Baridi ya Nairobi ilikuwa imeshika kweli kweli, na mimi nilimwona baba yangu mkubwa akisimama kumwomba Mungu, na kiti kikasimama pamoja naye. Ngoja, usicheke bado. Mimi sikucheka. Siku hiyo nilikuwa nimepelekwa kuombewa mke, na huyo mzee aliyening'iniwa na kiti mgongoni ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Akisema ndiyo, nimeoa. Akisema twendeni, basi nirudi nyumbani nikapike ugali wangu peke yangu.

Nakwambia haya kwa sababu Jumapili mlikuja hapa, wewe na mwenzako na mama yako, mkanitwika kesi. Mmehamia ghorofa pale Kware, sebule mmeipanga vizuri, kochi la kijivu, televisheni ukutani, na zile taa za kamba zinazobadilika rangi kila ukipepesa macho. Sasa marehemu nyanya yako amewaachia viti viwili vya mbao na kabati. Mume wako anasema vipakwe rangi nyeupe vifanane na ukuta. Wewe unasema viuzwe. Mama yako anasema atakayevigusa atamjua yeye ni nani. Wote watatu mkanigeukia kama hakimu, na mimi nilikuwa na chapati mdomoni. Sasa nimemeza.

Baba yangu alifariki nikiwa bado shuleni. Aliyenilea ni ndugu yake mkubwa, Baba mkubwa Nyongesa, mtu wa reli, aliyeishi Makongeni mpaka akastaafu. Alikuwa mzee mwema, lakini Mungu nisamehe, alikuwa mgumu! Akishasema neno, hata ukimletea malaika atamwambia angoje nje. Mimi nilikuwa karani, kijana wa suruali moja nzuri, na nilikuwa nimempenda Wairimu, aliyekuwa akiuza vitambaa vya pazia Eastleigh. Mpaka leo sijui alinipendea nini. Kila nikienda kununua pazia nilikuwa nasahau kipimo cha dirisha ili nirudi tena.

Baba mkubwa hakutaka. "Kwetu wasichana wameisha?" ndilo lilikuwa swali lake, na aliliuliza kila nikienda kumwamkua. Hakuwa na ubaya wowote wa kumtajia Wairimu, ila tu hakuwa wa kwetu magharibi. Nilipokataa kubadili nia, akakubali kwenda, lakini kwa masharti yake.

"Nitaenda," akaniambia. "Lakini nikiona dharau, hata ya ukucha, nainuka. Na nikiinuka, usinitumie mzee mwingine kule."

Hilo lilikuwa neno zito. Kwetu, mzee wa ukoo akitoka nyumba ya watu na moyo mbaya, hakuna mwingine atakayethubutu kurudi huko kuomba. Kwa hiyo nilijua vizuri kwamba anakwenda kutafuta sababu, na ile siku nilikwenda roho mkononi.

Tena kuna jambo lingine alilolifanya. Siku tulikuwa tumeshapatana na watu wa Wairimu. Baba mkubwa akaivuta mbele. "Tuwakute walivyo," akasema. "Mtu akipewa muda mrefu anajipamba, humjui." Nikatumwa mimi kupeleka habari Kariobangi, alikokaa Mama Wairimu. Alikuwa mjane, anauza mboga sokoni, na Wairimu ndiye binti yake pekee. Nilipomwambia siku imesogea, akasema, "Karibuni tu." Lakini sauti ilikuwa ndogo, na macho yakaenda kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba. Mimi, kwa ujinga wa ujana, nikadhani anawaza nyama.

Kumbe shida ilikuwa viti. Haya niliyajua baadaye, lakini wacha nikuwekee mapema ili usipotee njiani. Kupitia chama chake cha akina mama, Mama Wairimu alikuwa amepata makochi mapya, rangi ya damu ya mzee, ya kile kitambaa laini unachoweza kuandika jina lako kwa kidole. Yalipoingia sebuleni, yakavisema vibaya viti vya zamani. Vilikuwa viti vya mvule vya marehemu mumewe, vizito, vyenye mikono mipana, na vilikuwa vimefifia kwa kukaliwa. Kabla ya hapo hakuwahi kuviona vibaya. Siku makochi yalipoingia ndipo aibu ikamshika. Akawaza wazee wa magharibi wanakuja, watasema mjane ameshindwa, watasema msichana ametoka kwenye uhitaji. Akavibeba viti mpaka kwa fundi wa jua kali hapo hapo Kariobangi, akamwambia: vifanane na makochi.

Fundi akavifananisha, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa. Akapiga msasa juu juu, akachanganya vanishi na rangi ya damu ya mzee, akapaka, akarudia, akarudia tena. Akamwonya mama avipe muda, kwa maana jua hakuna na vanishi ya kupakwa mara nyingi hivyo inakauka juu huku chini bado ni uji. Mama alikuwa na muda, akavianika uwanja wa nyuma. Ndipo nikaja mimi na habari yangu ya siku kusogea.

Afanye nini? Akaviingiza ndani, akavifunika vitambaa vyake vyeupe vya krosha, mgongoni, mikononi, mpaka pale pa kukalia. Akafungua madirisha harufu itoke. Akaomba Mungu.

Tulipofika tulipokewa vizuri. Nyumba ilinukia pilau, na kama kulikuwa na harufu nyingine, pilau iliimeza. Baba mkubwa alikuwa amevaa koti lake zito la sufu la siku za reli, alilolivaa kanisani na matangani tu. Mama Wairimu, kwa heshima, hakumkalisha kwenye makochi. Alimpa kiti cha mwenye nyumba, kile cha marehemu. Yeye mwenyewe hakuwa amekikalia tangu mazishi, na siku hiyo akampa mgeni. Baba mkubwa akaketi na uzito wake wote, akaegemea, akaweka mikono juu ya mikono ya kiti, akanuna.

Chai ikaja, mkate ukaja, watu wakaulizana habari za safari, kana kwamba kutoka Makongeni hadi Kariobangi ni safari. Baba mkubwa alijibu kwa neno moja moja. Macho yake yalikuwa yanazunguka sebule, yanatafuta dharau. Mimi nilikuwa nayafuata hayo macho kokote yaendako, jasho linanitoka kwenye baridi ile.

Kisha mzee mmoja wa upande wao akasema, "Kabla ya maneno, tusimame tuombe."

Baba mkubwa akasimama. Kiti kikasimama.

Mwanzoni sikuelewa ninachokiona. Nilidhani kuna mtu amekiinua kwa nyuma. Halafu nikaona koti limevutika mabegani, na kitambaa cha krosha kinaning'inia kwenye kiwiko. Mzee akageuka kuangalia nyuma, kiti kikageuka naye, mguu wa kiti ukapiga meza, vikombe chini.

"Nini hii?" akapaza sauti. "Nini hii? Mmenitegea gundi kama panya!"

"Woi! Ngai, mzee!" Mama Wairimu akatoka mbio na kitambaa cha jikoni, akamwendea moja kwa moja kwa nyuma, mkono umenyooka kuelekea kwenye suruali.

"Mama! Wacha! Mkwe hashikwi!" Baba mkubwa akafoka.

Hapo ndipo palipoharibika zaidi, na ni kwa kutojuana tu. Sisi kwetu mama mkwe na wanaume wa upande wa mkwewe hawagusani, hata mkono hawapeani. Ni heshima, tena heshima kubwa. Lakini huyo mama kwao ni Murang'a, hakuwa amewahi kusikia jambo kama hilo. Yeye alichokisikia ni mwanaume anayekataa kuguswa na mkono wake, kana kwamba una uchafu. Akasimama palepale. Akaweka kitambaa juu ya meza. Macho yakajaa machozi, na hakuyafuta.

"Nitoeni humu," Baba mkubwa akasema. "Twende nyumbani."

Nilimtazama Wairimu aliyekuwa mlangoni pa jikoni, naye akanitazama, na wote wawili tulijua imekwisha. Mzee alikuwa amekuja kutafuta sababu na sasa amefungiwa sababu mgongoni.

Ndipo Mama Wairimu akasema. Hakupaza sauti.

"Mzee, sikukutegea. Nilivipeleka viti kwa fundi ili mkija mkute nyumba ya watu. Fundi aliniambia nivipe muda vikauke, na muda nilikuwa nao. Nyinyi ndio mlileta siku mbele."

Baba mkubwa akaangalia vikombe vilivyokuwa chini. Alijua ni nani aliyeleta siku mbele na kwa nini. Mimi pia nilijua, nikaangalia viatu vyangu. Mgongo ukamshinda kusimama na ule mzigo, akarudi akaketi, safari hii polepole.

Wairimu akanipa mafuta ya taa kwenye kikombe, na tambara. "Usivute," akaninong'oneza. "Loanisha, ngoja, halafu uachanishe. Ukivuta koti litachanika, na huyo mzee hatatusamehe mpaka kiama." Nikapiga magoti nyuma ya baba yangu mkubwa nikaanza kazi. Ndivyo nilivyoposa, mwanangu. Wengine huposa wamevaa tai, mimi niliposa nikinuka mafuta ya taa, nikiwa nyuma ya mzee.

Mafuta ya taa hayana haraka. Tukawa tunangoja. Chai ilikuwa imemwagika, na mzee hakuweza kuondoka hata akitaka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umening'inia pembeni, na kwa kukosa la kufanya, vidole vikaanza kupapasa chini ya mkono wa kiti, kule ambako brashi ya fundi haikufika. Nikaona vidole vimesimama. Vikarudi nyuma, vikapita tena palepale.

"Hapa pameliwa na nini?" akauliza. Bado alikuwa amenuna.

Mama Wairimu akaangalia ule mkono wa kiti. "Ni vidole vya marehemu," akasema. "Mpira ukitangazwa redioni alikuwa anasugua hapo, anasugua, mpaka refa apulize filimbi ya mwisho. Miaka yote nilimgombeza kwamba ataharibu kiti." Akaokota kikombe kimoja sakafuni. "Hata fundi nilimwambia apake kila mahali. Nashukuru Mungu hakunisikia."

Sasa alikuwa analia waziwazi. Wairimu akamjia akamshika mabega. Baba mkubwa aliendelea kupapasa ile sehemu, vidole vyake vinne vimelala mahali pa vidole vya mtu ambaye hakuwahi kumwona. Nilikuwa nyuma yake, sikuuona uso. Nilisikia tu pumzi.

"Kiti cha ndugu yangu tulikifanya kuni," akasema.

Nikachovya tambara tena.

"Tulikuwa matangani. Kuni zikaisha na watu ni wengi nje, kuna baridi. Vijana wakaingia ndani, wakakitoa kiti chake, wakakipasua. Mimi nilikuwa nimesimama pale na shoka ningeweza kulishika. Nikasema ah, ni kiti tu." Akageuza shingo kidogo upande wangu. "Cha baba yako. Alikuwa na kama hiki."

Sijawahi kumsikia akimtaja baba yangu kwa sauti ile, wala kabla ya hapo wala baadaye. Nilikuwa nimedhani miaka yote kwamba hamkumbuki. Nikalia huko nyuma na tambara langu, na nikafurahi kwamba hakuna aliyeniona, na kama waliniona, mafuta ya taa yanawasha macho.

Mwishowe koti likaachia. Lilitoa sauti kama plasta inapobanduliwa. Baba mkubwa akasimama peke yake, mgongo wote wa koti umejaa mabaka ya damu ya mzee, pamoja na alama za ile krosha, maua kwa maua. Sote tukatazama mlango. Haki ya Mungu, hata yeye aliutazama.

Kisha akageuka, akakivuta kiti mpaka mbele ya Mama Wairimu, akarudi nyuma hatua chache ili asimguse.

"Mama, kaa."

"Mimi? Hapana, mzee, hicho siwezi. Hicho ni cha..."

"Najua ni cha nani. Ndiyo maana nakwambia ukae wewe, si mimi. Usiogope, vanishi yote nimeondoka nayo."

Mama Wairimu akamtazama usoni, akatazama lile koti. Akacheka. Alikuwa ameshikilia pumzi tangu tulipobisha hodi, na sasa zote zilitoka kwa kicheko kimoja, machozi bado yako mashavuni. Akaketi. Akaweka mkono juu ya mkono wa kiti, akapitisha vidole chini, akafumba macho. Baba mkubwa naye akajishusha kwenye kochi jipya, likammeza mpaka magoti yakakaribia kidevu.

"Sasa tuombe," akasema kutoka huko chini. "Lakini tuombe tumekaa. Kusimama kumetushinda."

Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko. Akaomba maombi marefu, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mwenye nyumba aliyetangulia, akamwomba radhi mama kwa kuleta siku mbele, hivyo hivyo katikati ya maombi, ili asijibiwe. Baada ya amina akaeleza kwamba tumekuja kuomba binti, na akaeleza vizuri, bila kununa. Mimi mwili ulilegea kama mtu aliyetua gunia. Nilikula pilau sahani tatu. Wairimu anasema nne.

Koti lile Baba mkubwa alikataa kulisafisha. Akiulizwa kanisani mabaka ni ya nini, alisema, "Nimetoka kwa wakwe," akapita. Na mama mkwe alipozeeka akatupa sisi kile kiti. Wairimu ndiye aliyekishughulikia, mimi niliambiwa nikae mbali. Alikiweka nje mahali penye kivuli na upepo, akakiondolea ile damu ya mzee kwa msasa, kidogo kidogo, akifuata mkondo wa mbao. Akakipaka mafuta tu, akayaacha yanywewe. Mvule ukatokea, wa kahawia, ukiwa na makovu yake. Akashona mto wa kijivu wa kukalia. Chini ya mkono hakugusa. Leo kiko karibu na dirisha, televisheni upande mmoja, kochi la kisasa upande wa pili, na sijawahi kuona vikigombana.

Basi shika haya, mwanangu, na mwambie na mwenzako. Msivipake rangi nyeupe. Kiti cha nyanya hakitafanana na kochi lenu hata mkikiogesha kwa rangi, na hakitakiwi kufanana. Viacheni kila kimoja kiwe na umri wake. Wala msiingize vyote. Nyumba ya Kware si ghala. Kabati likikataa kona ya ngazi, mpeni binamu mwenye nafasi, na mpeni kwa roho safi, ila msiwape watu wa kuni. Chukueni kiti kimoja, kile alichopenda kukikalia, mkitengeneze vizuri, mkipe kitambaa cha rangi iliyomo sebuleni ili kipate jamaa. Kabla fundi hajashika msasa, pitisheni mikono yenu kila mahali, juu na chini. Mkikuta pahali pameliwa, mwambieni fundi apaache. Na mpeni muda wake. Msimharakishe kwa sababu kuna wageni.

Halafu kikalieni. Kiti cha marehemu kikiachwa kutazamwa tu, nyumba nzima inatembea kwa kunyata. Mama yako akija, mkalishe hapo kwa nguvu kama atakataa. Mtoto akiuliza, mwambie kilikuwa cha nani na alikuwa mtu wa namna gani, pamoja na ubishi wake. Usiwe na aibu kwamba vitu vyako havifanani. Watu wanaokuja kwako kwa heri hawakuja kukagua seti. Na wale wanaokuja kukagua, hao ndio hasa wa kukalisha mahali pazuri.

Mungu awabariki huko ghorofani. Maji yapande mpaka kwenu, majirani wawe wa kuitana, na mapenzi yenu yazeeke bila kupakwa rangi. Na siku mtu akiwajia na hasira, akitafuta sababu ya kuondoka, Mungu awape pahali pa kumkalisha mpaka imwishe.